Kabla hawajabonyeza "Lipa": maswali yenu kuhusu kuwafundisha wanafunzi ununuzi wa mtandaoni

Barua nyingi tulizopokea kwa safu hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: tuwaonyeje vijana wasitapeliwe? Maonyo wamekwisha kuyasikia, hata wanaweza kuyakariri. Wanachokosa ni mazoezi ya kuusoma ukurasa wa duka wakiwa wametulia, kabla tamaa na haraka hazijaingia. Majibu yetu yote yanaelekea huko.

Nimepangiwa vipindi 3 vya dakika 40 kufundisha ununuzi salama kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15. Kompyuta ni chache na intaneti hukatika. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa stadi za maisha*

Mwalimu, anzia kwenye anwani ya tovuti, na uanzie ubaoni. Uhaba wa kompyuta hautakukwamisha kipindi cha kwanza. Huenda hata ukakusaidia, kwa sababu ubaoni hakuna picha za kuvutia jicho wala kitufe cha kuharakisha kidole.

Andika anwani hizi mbili za kubuni:

https://malipo.viatubora.example/kikapu
https://viatubora.malipo-salama.example/kikapu

Uliza ipi ni ya duka liitwalo Viatubora. Baadhi watachagua ya pili, wengine watasema zote mbili, maana wanasoma kutoka kushoto na jina la duka wameshaliona. Sasa wape kanuni. Ruka ile mikwaju miwili ya https://, tafuta mkwaju mmoja unaofuata, simama hapo, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Vipande hutenganishwa na nukta: cha kwanza unachokutana nacho ni kikomo cha anwani, na kile kinachokitangulia ndicho jina lililosajiliwa. Vyote vilivyo kushoto zaidi mwenye jina hilo hujiandikia apendavyo bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo anwani ya kwanza ni ya viatubora, na ya pili ni ya malipo-salama, mtu mwingine kabisa. Pale kikomo kinapokuwa na sehemu mbili, kama .co.uk, rudi hatua moja zaidi.

Wakishaielewa, wape anwani kumi kwenye karatasi, kila mmoja apigie mstari jina lililosajiliwa. Changanya humo zenye herufi za kudanganya macho: r na n zikibanana zikaonekana m, sifuri badala ya o, I kubwa badala ya l ndogo. Waambie pia kwamba simu nyingi huonyesha sehemu tu ya anwani. Lazima uguse upau wa anwani ndipo uione nzima, na huko kugusa ndiko tunakotaka kuwe mazoea.

Utaulizwa kuhusu kufuli, kwa sababu vijana wengi wamefundishwa kwamba tovuti yenye alama ya kufuli ni salama. Hilo lifute mapema. Kufuli husema kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefumbwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halisemi chochote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Cheti kinacholeta kufuli hutolewa bure na taasisi kama Let's Encrypt, ambayo ilifungua huduma yake kwa umma mwishoni mwa 2015, na tapeli hukipata kwa dakika chache kama mtu mwingine yeyote. Google waliiondoa alama hiyo kwenye upau wa Chrome mwaka 2023, sababu mojawapo ikiwa watu kuielewa vibaya. Tovuti isiyo na https usiipe taarifa zako kabisa, lakini iliyo nayo bado haijathibitisha lolote.

Ukipata intaneti kwa dakika kumi tu, zitumie kuwaonyesha umri wa jina la tovuti. Ingia lookup.icann.org, andika jina lililosajiliwa, kisha soma tarehe ya usajili. Majina mengi yanayoishia na vikomo vya nchi yana sajili zake, hivyo huenda usiyakute hapo. Duka linalojisifu kuwa limehudumia wateja kwa miaka mingi, huku jina lake limesajiliwa wiki tatu zilizopita, limejieleza lenyewe. Ila wakumbushe kwamba jina la zamani pia linaweza kununuliwa na kutumiwa vibaya. Umri mdogo ni sababu ya kushuku. Umri mkubwa haumsafishi mtu.

Niliwapa wanafunzi zoezi la kutambua maduka ya uongo. Baadaye wakawa wanaita kila duka la uongo, hata yale ninayoyafahamu. Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa kompyuta*

Tunakisia kwamba kurasa ulizowapa zote, au karibu zote, zilikuwa za uongo. Mwanafunzi hugundua upesi jibu gani linampa alama, na baada ya hapo hasomi tena, anakisia. Mtu anayeshuku kila kitu hana kinga ya kweli. Siku akikitamani kitu ataiweka shaka yake pembeni yote kwa mpigo, kwa kuwa haikujengwa juu ya dalili anazoweza kuzitaja.

Panga hivi. Chapisha kurasa 6 kwa kila kundi la wanafunzi 4. Nne ziwe za maduka halali na mbili uzitengeneze mwenyewe kwa kuhariri ukurasa: badili anwani, ondoa jina la kampuni, weka bei isiyoaminika. Katika zile nne halali, chagua moja yenye sura mbaya, yaani picha hafifu na maandishi yenye makosa, na katika zile mbili za uongo, moja iwe nadhifu kabisa. Hapo ndipo somo lilipo: unadhifu si ushahidi. Kwa programu za leo za kutunga maandishi, makosa ya tahajia yamepungua thamani kama dalili.

Kila kundi lijaze karatasi yenye mambo matano: jina lililosajiliwa, anwani ya mahali na njia ya kuwasiliana na muuzaji, masharti ya kurudisha bidhaa (siku ngapi, nani analipa usafiri wa kurudisha), njia za malipo, na jumla ya kulipa. Sharti liwe moja tu: mtu haruhusiwi kuandika "si salama" bila kunakili maneno au namba kutoka kwenye ukurasa inayomfanya aseme hivyo. Dakika 15 zinatosha kusoma, zinazobaki ziwe za kubishana. Mabishano ndiyo yenye faida kubwa.

Usiwapeleke kwenye tovuti halisi za matapeli, hata kwa kutazama tu. Na katika fomu za mazoezi, wape jina la kubuni, anwani ya kubuni na namba ya kadi isiyo ya mtu. Mwanafunzi anayeandika taarifa zake za kweli darasani anajizoesha kuziandika popote.

Shikamooni. Nina miaka 16. Nimeona viatu kwenye mtandao wa kijamii kwa nusu ya bei ya kawaida. Muuzaji ana wafuasi wengi. Amesema nikimtumia pesa moja kwa moja kwenye namba yake badala ya kupitia jukwaa atanipunguzia tena. Je, nikimwomba picha ya viatu itatosha?
*Mwanafunzi*

Marahaba, mwanetu. Picha haitatosha, na lililo muhimu zaidi katika barua yako ni hilo la malipo.

Pesa ukiituma kutoka mtu kwenda kwa mtu, mtandao wa simu au benki huihesabu kuwa umempa mwenzako kwa hiari. Hakuna oda, hakuna bidhaa iliyoandikwa popote, hivyo mara nyingi hakuna pa kufungulia mgogoro. Ukilipa kupitia jukwaa lenyewe, au kwa kadi kwenye duka lililosajiliwa, kuna kumbukumbu ya nini kiliuzwa na nani, na kuna utaratibu wa kudai. Lile punguzo la pili analokuahidi ni malipo ya kukutoa mahali unapolindwa. Hata kama ni mtu mwaminifu, anakuomba ubebe hatari yote peke yako. Jibu lake liwe fupi: "Nitalipa kupitia jukwaa." Muuzaji wa kweli anaweza kukunung'unikia kuhusu makato lakini bado atauza. Tapeli atakuletea sababu mpya au atakufungia.

Wafuasi hununuliwa, na akaunti nzima pia hununuliwa au huibwa. Fungua machapisho ya zamani kabisa. Ukikuta akaunti ilikuwa ya mapishi hadi miezi miwili iliyopita na sasa ni ya viatu, ondoka. Tazama pia kama ameruhusu watu kuandika maoni. Akaunti ya biashara iliyofunga maoni huenda ina jambo inaloficha.

Picha ya viatu iweke kwenye utafutaji wa picha wa Google Lens au TinEye. Ikionekana kwenye maduka mengine matano, huenda huyu hana hivyo viatu, ana picha tu. Zamani tungekushauri umwombe apige picha viatu vikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Siku hizi picha kama hiyo hutungwa na programu, kwa hiyo omba simu ya video ya dakika moja: avigeuze, akuonyeshe soli na lebo ya ndani. Hilo linathibitisha kwamba viatu vipo. Halithibitishi kwamba vitakufikia, ndiyo maana suala la malipo linabaki palepale.

Na usitume "kishika nafasi" hata kidogo. Kiasi kidogo hutumika kupima kama utatuma, kisha kinafuatwa na ada ya ufungashaji, kisha ya bima, kila mara kwa hoja kwamba usipomalizia utapoteza ulichokwisha kutoa.

Mwanangu wa miaka 11 amenunua sarafu za mchezo mara kadhaa kwa kadi yangu iliyohifadhiwa kwenye simu. Anasema hakujua ni pesa ya kweli. Namwamini, lakini nifanye nini?
*Mama*

Unayo sababu ya kumwamini, mama. Michezo mingi imejengwa ili mtoto asihisi kwamba analipa. Tume ya Biashara ya Marekani ilizibana kampuni kubwa kwa jambo hilihili: mwaka 2014 Apple walikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 na Google angalau dola milioni 19 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila idhini. Desemba 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kurejeshea wachezaji, kwa madai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya watu wanunue bila kukusudia.

Kwanza dai pesa, na uharakishe. Kwenye Google Play, ndani ya saa 48 tangu kununua unaweza kuomba moja kwa moja kwa Google. Zikipita, kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji wa mchezo. Kwa Apple, ingia reportaproblem.apple.com, chagua ununuzi husika na ueleze kwamba mtoto alinunua bila ruhusa. Andika kila muamala peke yake, tarehe na kiasi. Usianze kwa kuiambia benki ibatilishe malipo. Ukifanya hivyo kabla ya kudai dukani, mara nyingi akaunti hufungwa pamoja na vyote vilivyomo, na mazungumzo yanakuwa magumu. Benki ni hatua ya pili.

Kisha funga mlango. Katika mipangilio ya duka la programu, washa sharti la neno la siri kwa kila ununuzi, si "kila baada ya dakika 30", kwa sababu ndani ya hizo dakika 30 mtoto hununua bila kuulizwa. Mwekee mtoto akaunti yake chini ya mpangilio wa familia, ili kila ombi lije kwenye simu yako ulikubali au ulikatae. Ondoa kadi, na ikilazimika kuwepo njia ya malipo, weka kadi ya kulipia kabla yenye salio dogo. Alama ya kidole ya mtoto isiwe kwenye simu yako. Wazazi wengi huisajili ili mtoto afungue simu, wakasahau kwamba kidole hichohicho huidhinisha malipo.

Halafu keti naye mpige hesabu. Tuseme koti la mchezaji linauzwa sarafu 600, na sarafu huuzwa kwa mafungu ya 500. Atalazimika kununua mafungu mawili, atumie 600, abaki na 400 zisizotosha kitu. Ili zile 400 zisipotee, atanunua fungu jingine. Mwache aigundue mwenyewe hiyo 400 iliyobaki, kisha aulizwe kwa nini fungu halikuwa la 600. Kama kila fungu ni 10 za pesa halisi, koti limemgharimu 20, si 12 kama alivyodhani. Mtoto aliyepiga hesabu hiyo mara moja huitafuta kwenye kila mchezo.

Wanafunzi wangu huangalia nyota tu. Nyota 4.8 wananunua, 4.4 wanapita. Nawafundishaje kusoma maoni ya wanunuzi?
*Mwalimu wa hisabati*

Una bahati ya kufundisha hisabati. Wape bidhaa mbili: A ina wastani wa 4.8 kutokana na maoni 10, B ina 4.4 kutokana na maoni 900. Waambie waongeze maoni mawili ya nyota 1 kwa kila bidhaa. A ilikuwa na jumla ya nyota 48. Sasa ni 50 kwa watu 12, yaani takriban 4.17. B ilikuwa na 3,960. Sasa ni 3,962 kwa watu 902, bado ni 4.39. Wateja wawili wenye hasira wameiangusha A na B hawakuitikisa. Baada ya hapo hawatauliza tena "nyota ngapi?" bila kuongeza "kutoka kwa wangapi?"

Hatua inayofuata ni kusoma maneno. Anzeni na maoni ya nyota 3 na 2. Wa nyota 5 mara nyingi husema "nzuri sana, imefika haraka", wa nyota 1 mara nyingi anamlalamikia msafirishaji. Wa katikati ndiye anayeeleza kwamba zipu ilikwama baada ya mwezi au kipimo cha 42 kinabana kama 41. Panga maoni kwa tarehe, na mkikuta hamsini ya nyota 5 yameingia siku mbili, kisha kimya cha miezi mitatu, huenda mmeona maoni ya kununuliwa. Someni pia yanazungumzia nini. Kuna wauzaji wanaochukua ukurasa wa zamani wenye sifa nzuri, wakabadilisha picha na jina la bidhaa na kuacha maoni. Ndiyo maana utakuta sifa za kifuniko cha simu chini ya vipokea sauti.

Hapa pia ndipo pa kufundisha uwajibikaji wa mnunuzi mwenyewe. Kijana akiahidiwa zawadi ili aweke nyota 5, anaombwa kumdanganya mnunuzi atakayemfuata. Marekani iliweka kanuni dhidi ya kuuza na kununua maoni ya uongo, ikaanza kutumika Oktoba 2024. Mahali pasipo na kanuni hiyo, aliyedanganywa ameumia vilevile. Waandike maoni ya kweli: wametumia kwa muda gani, nini kimefaa, nini hakikufaa. Na wasiivae nguo kwa sherehe kisha wakairudisha wakisema haikuwatosha. Gharama ya nguo hiyo huingia kwenye bei ya wanunuzi wote.

Bei kubwa imekatwa, chini kuna saa inayohesabu "zimebaki dakika 9". Kuna ubaya gani kuwahi?
*Kijana wa chuo*

Fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Saa ikianza upya kutoka mwanzo, si saa, ni mapambo. Bei iliyokatwa nayo inaweza kuwa haijawahi kutozwa. Ndiyo maana katika Umoja wa Ulaya, tangu 2022, muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Pengine popote, weka bidhaa kwenye orodha ya kungojea, andika bei na tarehe, rudi baada ya siku 2. Kwa kitu kinachozidi robo ya pesa yako ya mwezi, ngoja siku 7.

Ukirudi, usiangalie bei ya bidhaa, angalia jumla: bidhaa, usafirishaji, ushuru wa forodha kama inatoka nje, makato ya kubadili fedha, na gharama ya kuirudisha isipokufaa. Kagua visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama ya bima au huduma ya kila mwezi. Mbinu hizi zina utafiti wake. Harry Brignull, mbunifu wa Uingereza, alianza kuzikusanya na kuzipa majina mwaka 2010, na moja inayowanasa wanafunzi sana ni kipindi cha majaribio cha bure kinachodai kadi. Siku unayojiunga ndiyo siku ya kuweka kikumbusho kwenye simu, siku 2 kabla ya kipindi kuisha. Ukijitoa, piga picha ya skrini ya uthibitisho. Kufuta programu kwenye simu hakuufuti usajili.

Malipo kwa awamu pia hudanganya jicho. Kitu cha 40 kikigawanywa awamu 4 za 10 huonekana chepesi, lakini chelewa awamu moja tu yenye faini ya 7 na umelipa 47, nyongeza ya asilimia 17.5 ndani ya wiki chache. Mwenye manunuzi matatu ya namna hiyo ana tarehe kumi na mbili za kukumbuka.

Nimepata ujumbe kwamba kifurushi changu kimezuiwa hadi nilipe ada ndogo. Kweli nilikuwa nangojea kifurushi. Nitajuaje?
*Msomaji*

Usibonyeze kiungo kilichomo. Fungua mwenyewe programu au tovuti ya duka ulilonunulia, nenda kwenye oda zako, chukua namba ya kufuatilia na uiingize kwenye tovuti ya msafirishaji uliyoiandika wewe. Kama kuna ada ya kweli, itaonekana hapo. Kujua kwamba unangojea kifurushi si ushahidi wowote: ujumbe hutumwa kwa maelfu, na kati yao daima wapo wanaongojea. Ada huwekwa ndogo ili usiitilie shaka. Wanachokitaka ni namba za kadi na ile namba ya uthibitisho inayotumwa na benki.

Namba hiyo wafundishe wanafunzi kuisoma pamoja na maneno yanayoizunguka. Ujumbe wa benki mara nyingi hutaja kiasi na jina la mpokeaji. Ukidhani unalipa ada ndogo na ujumbe unataja kiasi kikubwa, acha hapo. Tarakimu 3 za nyuma ya kadi (American Express huwa na 4, mbele) huombwa wakati wa kulipa mtandaoni, lakini namba ya siri unayotumia kwenye mashine ya kutolea pesa usiipe duka lolote la mtandaoni, kamwe.

Mwanafunzi ameshatapeliwa. Amenijia akilia. Tunaanza na nini?
*Mlezi wa bweni*

Anza kwa kuzuia kisichotoka bado. Kama alitoa taarifa za kadi, mwenye kadi aifunge mara moja kwenye programu ya benki, au apige namba iliyo nyuma ya kadi, si namba iliyopatikana kwa kutafuta mtandaoni. Kama alituma kwa pesa za simu, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo na uombe muamala uzuiwe. Mpokeaji akishatoa pesa, nafasi ya kuirudisha hupungua sana. Kama aliandika neno la siri, alibadilishe hapo na popote pengine alipolitumia, akianza na barua pepe, maana kwa barua pepe mtu hubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine zote.

Pili, hifadhi ushahidi kabla hasira haijafuta mazungumzo: anwani kamili ya tovuti, wasifu wa muuzaji, tangazo, risiti, namba ya muamala, saa. Usimfungie muuzaji kabla ya kupiga picha za skrini. Tatu, mwandikie muuzaji au jukwaa kudai pesa, kwa maandishi, ukitaja namba ya oda. Nne, fungua mgogoro benki. Katika mitandao ya Visa na Mastercard madai mengi huwa na ukomo wa siku 120, lakini benki yaweza kuwa na muda mfupi zaidi, kwa hiyo usingoje. Toeni pia taarifa polisi. Benki nyingine huhitaji namba ya taarifa hiyo.

Tahadhari moja inayosahaulika: aliyetapeliwa hufuatwa tena na watu wanaojitambulisha kama wanasheria au wataalamu wa kurejesha pesa, wakidai ada ya kuanzia. Mara nyingi ni matapeli walewale, au wenzao waliouziwa majina.

Na tafadhali, mlezi, usimsimulie mbele ya bweni kama mfano. Atakayetapeliwa wiki ijayo yupo hapo anasikiliza, na saa zile za mwanzo ndizo zenye thamani. Akinyamaza siku nne kwa aibu, pesa imekwenda.

Je, inafaa kumalizia somo kwa ununuzi wa kweli?
*Mwalimu wa biashara*

Inafaa, mara moja, kwa kitu kidogo ambacho darasa linakihitaji, kwa akaunti na kadi ya mtu mzima aliyekubali. Maduka mengi hayamruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mkataba peke yake, kwa hiyo usiwafundishe kudanganya umri ili wapite. Darasa lichague kati ya wauzaji watatu na liandike sababu. Mwanafunzi mmoja asome anwani kwa sauti, mwingine jumla, mwingine masharti ya kurudisha, ndipo mtu mzima alipe huku wote wakitazama. Nunueni kama mgeni bila kuhifadhi kadi, kama duka linaruhusu.

Kifurushi kikija, mmoja arekodi video bila kukatiza: lebo yenye jina na namba ya kufuatilia, mkanda wa gundi kabla haujakatwa, kisha kufunguliwa hadi bidhaa itoke. Video iliyoanza baada ya boksi kufunguliwa haina nguvu mbele ya muuzaji. Linganisheni bidhaa na tangazo, kipimo kwa kipimo. Ikiwa ni chaja au kitu cha umeme, someni volti na ampea zilizochapishwa juu yake na mzilinganishe na za tangazo. Isiyo na maandishi hayo, au iliyo nyepesi kuliko ilivyotangazwa, irudishwe bila kujaribiwa kwenye umeme. Kisha andikeni ubaoni siku ya mwisho ya kurudisha, mkihesabu kutoka tarehe ambayo masharti ya duka yameitaja. Baadhi huhesabu siku ya kupokea, wengine siku ya kuagiza.